Aliyewapandisha Mlimani

Mto ulipovunja kingo na kuumeza mtaa wa bondeni, halmashauri ilitafuta mtu wa kuratibu makazi ya walioathirika. Kazi ikamwangukia mchora ramani wa idara ya ujenzi, mwanamke wa makamo, mfupi, mwenye sauti ya kukwaruza. Hakuichagua. Asubuhi ile yeye peke yake ndiye aliyepokea simu ya mkurugenzi. Wenzake walikuwa wamezima zao. Wiki haijaisha, mji mzima ukawa unamwita Mama Turubai.

Kazi yenyewe ilikuwa ya kusuluhisha kuliko ya kujenga. Kila jioni wawakilishi wa mashirika walijibana kwenye madawati ya shule iliyosalimika, na kila mmoja aliitaka kambi ya kando ya barabara kuu, mahali ambapo magari hufika na kamera hufika. Ng'ambo ya daraja lililokatika hakuna aliyekutaka.

"Barabarani hagusi mtu," alisema Mama Turubai, "mpaka nipate wa kwenda ng'ambo."

Wakacheka, wakidhani anatania. Yeye akatoa chungwa mkobani, akalimenya polepole, akala kipande kimoja kimoja bila kumtazama mtu, mpaka yule wa shirika la mabati akanyoosha mkono kwa aibu. Mwingine alipoleta shehena ya mablanketi mazito, Mama Turubai alimuuliza, "Kwa joto hili, mnataka kuwasaidia au kuwachemsha?" Lakini aliyapokea, yakatandikwa chini badala ya magodoro. Mwenyewe alipita hema kwa hema akionyesha namna ya kulifunga turubai ili maji yateremke na upepo upite bila kuling'oa. Watu wakampenda.

Kisha mkurugenzi akatoa amri: bondeni hajengi mtu tena. Wote wahamie mlimani, watajengewa nyumba za matofali. Atakayebaki chini hatapewa hata msumari.

Mama Turubai aliikubali amri ile kwa moyo mweupe. Aliyaona maji kwa macho yake, yalivyopita juu ya madirisha yakibeba vitanda na milango. Angewezaje kumwambia mtu ajenge tena palepale? Lakini wenyewe walikataa. Kwenye mkutano, muuza mkaa mmoja akasimama, kiuno kakishika.

"Mama Turubai, maneno yako matamu. Dada yako si yuko palepale kando ya mto? Mbona huanzi na wako?"

Watu wakaguna. Mkutano ulipoisha, Mama Turubai akashuka bondeni kwa dada yake.

Dada yake alikuwa fundi cherehani. Aliishi na mumewe, fundi lipu, katika nyumba waliyoachiwa na baba yao, ambayo nusu yake ilikuwa bado imesimama. Alimkuta akiipaka mafuta cherehani iliyokunywa tope.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Umekuja kama mdogo wangu au kama serikali?"

"Kama mdogo wako."

"Haya, kaa."

Alikaa. Akaeleza yote: amri, mlima, matofali.

"Na wateja wangu? Watanifuata huko juu?"

"Watakufuata. Barabara itachongwa, maji yatavutwa."

"Nani kasema?"

"Nasema mimi."

Dada mtu akalizuia gurudumu la cherehani kwa kiganja. "Ukisema wewe, sina neno. Angekuwa mwingine, angetoka hapa mbio."

Kesho yake shemeji alipanda juu ya paa akaanza kung'oa mabati yaliyobaki. Majirani walisimama wakitazama. Ikiwa hata hawa wanahama, wao wanabaki kufanya nini? Wakafunga virago. Siku malori yalipopanda mlima, Mama Turubai alikaa mbele, karibu na dereva, akajisikia kwamba hajazaliwa bure.

Halafu kimbunga kikapiga kwingine, kikubwa kuliko mafuriko yao, na mashirika yakafungasha. Waliaga vizuri, wengine kwa machozi. Yale matofali yakabaki kuwa maneno, kisha hata maneno yakakoma. Barabara haikuchongwa. Wateja wa dada yake walipanda mwanzoni kwa huruma, baadaye wakachoka. Nani atapanda mteremko ule kwa ajili ya kupunguza sketi? Mama Turubai alizunguka ofisi hii na ile mpaka makatibu muhtasi wakimwona tu wananyanyua simu na kujifanya wanaongea.

Siku moja, akipita bondeni, aliona mawe yamepangwa ndani ya nyavu za waya kuushika ukingo wa mto. Nyuma ya mawe hayo ulisimama ukuta mrefu wa ghala. Juu ya jukwaa mtu alikuwa akipiga lipu, kampa mgongo. Aliujua mgongo ule.

"Shemeji? Unafanya nini hapa?"

"Si unaona, shemeji? Kibarua." Akaufuta mwiko kwenye suruali. "Hapa unaposimama palikuwa jikoni kwetu."

"Dada anajua?"

"Kule juu kuna kitu gani kingine cha kutazama?"

Alikwenda moja kwa moja kwa mkurugenzi, akaingia bila kubisha.

"Ulisema pale hapafai kujengwa."

"Palikuwa hapafai. Sasa mwenye ghala kajenga ukingo."

"Ukingo huo usingeweza kujengwa watu wakiwa bado wapo?"

"Wakiwa wapo, nani angeujenga?" Alisema hivyo bila ubaya wowote, kama mtu aliyeulizwa saa. "Usijisumbue, mama. Ulifanya kazi nzuri. Bila wewe wasingetoka."

Alipanda mlima kwa miguu. Dada yake alikuwa mlangoni pa hema, akitia kiraka kwenye turubai lililochanika.

"Dada, sikujua. Wallahi sikujua."

"Najua hukujua. Ungekuwa umenidanganya, ningepata wa kugombana naye." Akakata uzi kwa meno. "Unajua watu hapa wanamsema nani? Wananisema mimi. Wanasema walinifuata mimi. Nikifika bombani wananipisha kama mwenye ugonjwa."

Hilo Mama Turubai hakuwahi kulifikiria. "Njoo ukae kwangu. Wewe na shemeji. Chumba kipo."

"Nikishuka mimi peke yangu, watasema ndivyo tulivyopanga. Niache."

Hakushuka. Hadi leo yuko kule, na mdogo wake humpandia kila Jumapili. Dada humpokea vizuri, humpa kigoda na maji ya kunywa, wakaongea habari za watoto na za mvua. Lakini zamani alikuwa hakati kitambaa cha maana bila kumuuliza mdogo wake rangi ya uzi. Sasa huchagua mwenyewe, na Mama Turubai hukaa pembeni akitazama.