Mpiga Makofi wa Magotini

Watu wa ng'ambo ya Mto wakisikia kwamba shemeji yangu Senbi alikula mkate wa liwali kwa kupiga makofi, hucheka mpaka wakashika mbavu. Nawaacha wacheke. Hawajapata kuona sanamu ya jiwe jeupe, ndefu kuliko nyumba yao na ya jirani yao, ikishushwa kutoka machimboni kwa kamba na nyayo za watu. Wazee walisema mti hauendi ila kwa nyenzo. Na jiwe, nawaambia mimi, lilikuwa haliendi ila Senbi amepiga.

Alizaliwa nyumba ya tatu kutoka kwetu, pale njia ya machimbo inapofika vijijini. Baba yake alikuwa mvuta kamba, babu yake mvuta kamba, wote shingo nene kama za maksai. Yeye akatoka mwembamba, mikono mirefu, masikio nje. Alipobalehe wakampeleka kambani kama desturi, na siku ya kwanza tu ikaonekana kwamba kamba ndiyo iliyokuwa ikimvuta yeye. Alianguka, akakanyagwa, akainuka, akaanguka tena. Msimamizi akachoka.

"Wewe, panda juu ya magoti ya sanamu," akamwambia. "Kaa huko huko tukuone. Na kama huna la kufanya, piga makofi."

Ilikuwa dhihaka, na watu walicheka. Senbi akapanda, akasimama kwenye magoti ya yule bwana wa jiwe, akapiga. Mungu aliyemnyima shingo alimpa viganja. Mlio ulikuwa mkavu, wa kukata, ukisikika mpaka kwa mtu wa mbele kabisa. Wavutaji wakajikuta wameinua mguu pamoja na kuuweka pamoja, na jiwe likasogea kabla hawajajiandaa. Tangu siku hiyo hakuteremka tena. Aliyekuwa akipiga kabla yake, mzee mmoja mwenye kikohozi, walimpa kazi ya kugawa vitunguu.

Alipokuja kumposa mdogo wangu Dedeti, mama yetu alimtazama kutoka juu mpaka chini, akauliza, "Binti yangu aolewe na makofi? Mtoto akilia njaa utampigia makofi?"

"Mama," Senbi akajibu, "hao wote wenye shingo nene hawainui mguu mpaka waniangalie mimi. Hata wewe ungekuwa kambani, ungeinua."

"Mimi? Niinue mguu kwa ajili yako?"

"Tena ungeuinua vizuri, mama. Miguu yako naiona ina nguvu."

Mama akacheka bila kutaka, na mkwe akishacheka, posa imekwisha. Mimi sikumpenda Senbi wakati ule, nasema kweli. Alikuwa mtu wa kelele. Alipiga mdundo kwenye mtungi, kwenye ubao wa kukandia unga, hata mgongoni kwangu alipokuja kunisalimu. Ukimpa mkate anataka na samaki, ukimpa samaki anauliza kitunguu kiko wapi. Lakini Dedeti alinenepa kwake, akawa anaimba kisimani, nami nikanyamaza.

Watoto wao walikufa wachanga, wakabaki na mmoja, Kemi. Huyu alirithi shingo ya babu yake. Alikua akawa kijana wa kuinua ndama kwa kucheza, na alipoingia kambani walimweka mwisho wa safu, karibu kabisa na yale magogo mawili ambayo sanamu hufungwa juu yake ili iburuzwe. Pale ndipo kamba inapouma zaidi, na hawaweki mtu dhaifu. Ukiteleza pale, jiwe liko nyuma ya visigino vyako.

Dedeti hakupapenda mahali pale. "Sema na msimamizi," alimwambia mumewe mbele yangu. "Amsogeze mbele."

"Nikimsogeza Kemi, nimweke nani pale, Mama Kemi? Mwana wa jirani?"

"Weka hata mwana wa liwali!"

"Huyo ana shingo kama yangu," Senbi akasema, na Dedeti akacheka, na maneno yakaishia hapo.

Sasa niseme ya siku ile, maana siwezi kuyakwepa. Sanamu ilikuwa ya liwali wetu mwenyewe, amekaa kitini, viganja juu ya mapaja. Ilishavuka jangwa lote, ikabaki kuteremka mpaka Mtoni. Ubani ulikuwa umewashwa mbele yake, na ubani ukishawashwa hilo si jiwe tena, ni bwana mwenyewe anapita, watu huinamisha vichwa. Kwenye magogo alisimama mtu wa kumwaga maji juu ya mchanga ili ushikamane. Sisi wanawake tulikuwa pembeni na mitungi ya pombe ya shayiri, tukingoja waume zetu wafike chini.

Kila aliyezaliwa njia ile anajua sheria ya mteremko: makofi hayakatiki. Njiani tambarare mpigaji anaweza kupumzika, jiwe nalo litapumzika. Mteremkoni jiwe halipumziki. Makofi yakikatika, wavutaji watasita, kila mmoja atatazama mwenzake, na huku jiwe linakuja. Litapanda juu ya safu nzima. Babu yake Senbi alikufa hivyo, yeye na wenzake, kwa sababu mpigaji wao alipaliwa na vumbi akakohoa.

Yule wa maji alimwaga yakazidi. Kemi akateleza kwenye tope. Nilimwona akienda chini kwa goti moja, akashika kamba, kamba ikamponyoka. Baba yake alikuwa juu yake kabisa, anamwona kuliko sisi sote. Mdomo wa Senbi ulifunguka, ukabaki wazi. Mikono yake iliendelea kupiga, pa, pa, pa, haikuharakisha, haikuchelewa, na safu nzima ikaenda nayo mpaka ukingoni mwa Mto bila mwingine kuanguka. Jiwe liliposimama alishuka, akatembea kurudi juu kumfuata mwanawe, na mikono ingali ikipiga polepole, mpaka msimamizi alipomfuata akaishika.

Watu walimsifu. Waliopona walikuja mmoja mmoja na wake zao, wakabusu viganja vyake. Liwali akaleta kitani na paja la ng'ombe. Dedeti akalitupa lile paja barabarani, mbwa wakalila, na hakuna aliyethubutu kumwambia kitu. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Kemi tulimzika chini ya mlima, ndani ya mkeka wa matete, pamoja na mtungi wake na viatu.

Kwa mumewe Dedeti alisema neno moja tu. "Ulipiga." Baada ya hapo alimwekea mkate mlangoni, akaja kula kwangu. Mvua haijui kwetu, lakini mafuriko ya Mto yalikuja yakaondoka, yakaja tena, na yule mwanamke hajala na mume wake. Senbi hakupanda tena magotini. Alikaa kwenye kivuli cha ukuta akisuka kamba, kimya, na mimi niliyechukia kelele zake nikawa nazitamani.

Ndipo akaja mchoraji. Kaburi la liwali lilikuwa linachongwa mwambani juu ya kijiji, na liwali alitaka safari ya sanamu yake ichorwe ukutani, wavutaji wote, maji, ubani, na mpigaji juu ya magoti. Mchoraji alikuwa mtu wa makamo aitwaye Hotepi, vidole vyekundu kwa rangi. Alikuja mpaka kwenye ukuta wa Senbi.

"Nionyeshe unavyosimama," akasema. "Bahati iliyoje, mzee wangu! Liwali atakaa ukutani milele, nawe uko mapajani mwake. Hata mwandishi wake hakupata mahali pazuri hivyo."

Dedeti alikuwa ndani kwangu anapepeta ngano. Alitoka na ungo mkononi.

"Atakuwa anafanya nini huko ukutani?"

"Anapiga makofi, mama. Si ndiyo kazi yake?"

"Milele?"

"Kinachochorwa kaburini hakikomi. Ndiyo maana watu wanatulipa."

"Basi milele atampigia mwanangu makofi." Akamgeukia mumewe, mara ya kwanza kwa muda mrefu hivyo. "Wewe! Siku moja haikukutosha? Wakikuchora, Kemi atakufa kila siku jua likichomoza, na wewe uko juu unapiga! Kamwambie asikuchore."

Senbi akasema, "Nitakwenda."

Alikwenda kesho yake asubuhi, akarudi jioni. Nilimwuliza mimi, maana Dedeti alikuwa amempa mgongo.

"Anasema jiwe haliwezi kwenda bila mpigaji, shemeji. Liwali atauliza."

"Na wewe ukasemaje?"

"Tumezungumza," akasema, akachukua kamba zake.

Siku zikapita, mchoraji na vijana wake wakipanda na kushuka mlima. Halafu mchana mmoja Dedeti akaja kwangu na kipande cha gumegume, lile jiwe gumu la kukatia, kimenolewa mpaka kinang'aa.

"Dada, nisindikize."

"Wapi?"

"Kumkata mume wangu mikono."

Nilielewa. Nani kwetu asiyejua kwamba picha isiyo na mikono haifanyi kazi? Bibi zetu walikwenda hivyo hivyo kumkwangua macho bwana mmoja dhalimu ukutani mwa kaburi lake, akabaki kipofu huko aliko. Najua pia wanachomfanya mtu akikamatwa. Wanamkata pua, wanampeleka machimboni. Nilimwambia, "Una wazimu." Akasema, "Ndiyo." Nikamwambia, "Utaiona pua yako ikiliwa na mbwa kama lile paja." Akasema, "Usije, basi." Nikachukua mtungi wa pombe, nikajitwika, tukapanda.

Jua lilikuwa utosini na wachoraji walikuwa wamelala kivulini nje, vinywa wazi. Tuliwapita kwa ncha za vidole. Ndani kulikuwa na harufu ya gundi, na mwanga ukiingia mlangoni uliangaza ukuta wote wa kushoto.

Sikutegemea ningeogopa. Bwana wa jiwe alikuwa pale, mweupe, na safu za wavutaji mbele yake, juu na chini, miguu yao yote imeinama pembe moja. Nilikasirika kwanza. Hotepi yule mvivu alikuwa amewapa wote uso mmoja, kana kwamba njia yetu nzima ilizaliwa na mama mmoja. Magotini alisimama Senbi, mwembamba, amekunja mikono tayari. Masikio yake Hotepi alikuwa ameyapata.

Dedeti akaenda moja kwa moja. Akainua gumegume, ncha ikagusa kiganja cha kushoto. Lakini macho ya mama yalikuwa na safari yao. Yalishuka kutoka mikononi, yakapita kwa mtu wa maji, yakafika kwa mvutaji wa mwisho, yule aliye karibu na magogo.

"Dada," akasema. "Pale ni mahali pa nani?"

Nyuma yetu sauti ikasema, "Pa Kemi."

Senbi alikuwa mlangoni, anahema. Alituona tukipanda akatufuata.

"Walimweka mtu mwingine pale baada yake," Dedeti akasema bila kugeuka. "Mwana wa mfinyanzi."

"Huyo si mwana wa mfinyanzi. Nilikwenda kumwomba fundi aniache nje ya picha, kama ulivyotaka. Nikaona amekwisha kuchora miguu ya safu ile, ya yule wa mwisho bado. Nikamwambia nitasimama, anichore anavyotaka, ila huyu wa mwisho awe Kemi na mguu wake ukae sawasawa juu ya mchanga. Akasema jina haliwezekani, majina ni ya wakubwa. Nikamwambia jina mama yake analijua."

Dedeti akachuchumaa. Akautazama ule mguu kwa karibu, kisigino na vidole, akaugusa.

"Hajateleza," akasema.

"Bado."

"Na hapa hatateleza?"

"Maadamu kamba imekaza."

"Na mikono yako nikiikata?"

"Safu itasita," Senbi akasema. "Lakini ukitaka kukata, kata. Mimi sitakushika mkono."

Mdogo wangu akanipa lile gumegume bila kunitazama, kama mtu anayekupa mwiko umshikie. Akasimama, akainua uso kwa yule mtu mwembamba wa rangi aliye juu magotini.

"Piga, Baba Kemi," akamwambia. "Piga, usiache."

Aliyeanza kulia ni Senbi, yule wa mlangoni, na alilia kwa sauti ile ile kubwa ya zamani, mwamba mzima ukaitika. Dedeti akamwendea. Nje wachoraji wakaamka. Nikaficha gumegume kifuani, nikatoka na mtungi, nikasimama katikati ya njia.

"Kuna nini humo?" Hotepi akauliza, anafikicha macho.

"Wazazi wamekuja kumtazama mtoto wao," nikamwambia. "Kaa chini unywe."