Avis Gorrie na Koala wa Kilima cha Tranter

Zamani huku kwetu Australia, mtu akikupigia simu kwamba shambani kwake kuna koala mgonjwa, mnyama wetu yule wa manyoya akaaye mitini, alikuwa na maana hiyo na basi. Siku hizi lazima kwanza ujiulize anataka kuuza nini.

Avis Gorrie hakujiuliza. Alikuwa mwanamke mfupi, mpana wa mabega, mpishi wa shule ya Dunbarra kwa miaka mingi, mjane wa fundi wa reli. Reli yenyewe iling'olewa baadaye, na baada ya reli mji ukaanza kuuzwa vipande vipande. Avis alibaki katika nyumba yake ya mbao nyuma ya ghala la zamani, na chumba chake cha kufulia nguo kilikuwa hospitali. Palipokuwa na mashine ya kufulia alisimamisha magogo ya kupandia. Taulo kuukuu zilining'inia kila mahali, zikinuka mkaratusi, harufu ile ya pipi za kikohozi. Koala aliyegongwa na gari alifungwa mguu humo. Aliyeugua macho, ugonjwa ule unaovimbisha kope mpaka mnyama asione anaposhika, alitiwa dawa asubuhi na jioni, na Avis alimkumbatia kwa taulo kama anayemnawisha uso mtoto mkaidi.

"Tulia, mzee," alimwambia dume moja lililomchana mkono. "Marehemu mume wangu naye alikuwa na kucha, na nilimzoea."

Kazi yangu mimi ilikuwa majani. Nilikuwa nimetoka kiwanda cha mbao, nimeangusha miti maisha yangu yote, na Avis aliniambia sasa nijifunze kukata kwa adabu. Koala hali jani lolote tu. Anataka aina chache za mkaratusi, machipukizi yake, yaliyokatwa siku hiyohiyo. Ukimletea ya jana anakugeuzia mgongo. Nilipofika na matawi, Avis aliyanusa kwanza ndipo anikaribishe chai.

Walezi wa koala wa upande wetu walikuwa na desturi moja, na nadhani nayo imeshakufa. Mnyama aliitwa kwa jina la mahali alipookotwa. Basi chumba kile kilikaliwa na kina Daraja, Kanisani, Bwawa, Lango la Chuma. Halikuwa pambo. Koala ana miti yake anayoijua kama wewe unavyovijua vyumba vya nyumba yako taa ikizimika. Akipona hurudishwa palepale. Ukimwacha kwingine atashuka na kutembea ardhini akiitafuta, mpaka mbwa au gari limkute. Kwa hiyo jina lilikuwa ahadi, na Avis alikuwa mtu wa ahadi zake.

Wengi walitoka kwa Merv Tranter. Merv alifuga ng'ombe wa maziwa, na juu ya malisho yake palikuwa na mgongo wa kilima wenye mikaratusi mikubwa ambayo babu yake aliiacha ng'ombe wapate kivuli. Merv na Avis walikaa dawati moja shuleni. Avis alipokwenda kumshusha mnyama, Merv ndiye aliyemshikia ngazi, na Avis aliinua ufito mrefu wenye kitambaa na kukipeperusha juu ya kichwa cha koala, mpaka koala akaona karaha, akateremka mwenyewe kinyumenyume na kuingia guniani. Siku ya kumrudisha Merv alileta skoni, vile vimkate vya kuoka, na jamu ndani ya pikapu, tukala tumesimama huku mnyama akipanda.

"Unanenepa kuliko ng'ombe wangu, Avis," Merv alimwambia.

"Ng'ombe wako hawapewi skoni. Ungewapa, wangetoa maziwa."

Hivyo ndivyo tulivyoishi. Mtu na shamba lake na neno lake. Sikuwahi kumwona Avis akifunga lango la Merv kwa wasiwasi, wala kumuuliza jambo mara mbili.

Mwaka ule, baridi ilipoanza, simu za Merv ziliongezeka. Mmoja ana jicho jekundu, njoo. Mwingine amekaa chini ya mti mchana kutwa, njoo. Mwingine anakohoa. Jike la Bwawa, lenye mtoto mgongoni, linatembea kati ya ng'ombe. Avis alikwenda kila alipoitwa. Wengine walikuwa wagonjwa kweli. Wengine mimi niliona wazima, naye aliona.

"Huyu wa kisimani macho yake safi, Merv," alisema siku moja, mnyama akiwa tayari guniani. "Tumbo safi. Nimrudishe juu?"

"Nilimwona kwa macho yangu akianguka. Kama kuna kitu ndani? Kaa naye kidogo, dada. Na jirani hapo chini ameleta mbwa wawili wakubwa, hawafungwi."

"Basi nitamwangalia."

"Afadhali ukosee kwa huruma."

Chumba cha kufulia kilijaa. Tukajenga vizimba uani, nami nikawa nakata majani mpaka mabega yakaniuma kama zamani kiwandani. Majira ya joto yalikaribia, wakati ambao madume hunguruma usiku juu ya kilima kile kama nguruwe aliyebanwa mlangoni. Nilimwambia Avis kwamba mwaka huu kumekuwa kimya.

"Wangurume wapi, na wote wako kwangu?" alijibu, akacheka. Nami nilicheka.

Walipopona alitaka kuwarudisha. Merv alisema asubiri kidogo, anatengeneza ua. Halafu akasema njia ina matope, pikapu itazama. Avis hakuona neno. Mtu aliyekushikia ngazi nusu ya umri wako, akikuambia kuna matope, kuna matope.

Mwishowe alichoka kusubiri. Tuliwapakia wale wa mwanzo kwenye makapu ya nguo, kila kapu limefunikwa taulo, tukaondoka asubuhi kwenda kwa Merv bila kupiga simu. Tukiwa bado barabarani nilisikia msumeno. Sauti hiyo siwezi kuikosea. Haukuwa msumeno wa mtu anayepasua kuni. Ilikuwa misumeno mingi, na nyuma yake tingatinga.

Kilima kilikuwa nusu. Upande wa kisima miti yote ililala, vichwa bondeni, majani bado mabichi. Wanaume wenye makoti ya kung'aa walitusimamisha. Merv alikuja kutoka zizini, kofia mkononi.

"Usishuke, Avis, matope," alisema.

Avis alishuka. Hapakuwa na matope.

"Umeuza," alisema.

"Wanangu hawataki ng'ombe. Nani anataka ng'ombe? Wakaguzi wa serikali walizunguka humu siku nzima shingo juu, hawakuona koala, hawakuona hata mavi mabichi. Wangemwona mmoja tu, pasingekuwa na kibali cha kukata miti, nami ningekufa na shamba hili mgongoni."

"Hawakuwaona kwa sababu wako nyumbani kwangu."

"Ndiyo. Wako salama. Si ndicho unachotaka siku zote? Hakuna hata mmoja aliyeangukiwa na mti. Mwingine angewaacha humohumo. Mimi nilikuita."

Aliamini alichokisema. Mwongo anayejijua unaweza kumtukana, ukarudi nyumbani ukalala. Huyu alikuwa anangoja ashukuriwe.

"Wa kisimani alikuwa mzima," Avis alisema. "Uliniambia umemwona akianguka."

Merv aliitazama kofia yake.

"Uliniambia umemwona kwa macho yako, Merv."

"Ningekuambia nini? Ningekuambia nauza, ungefanya nini?"

"Ningelia. Ningekutukana. Halafu ningewaacha juu ya miti yao, wakaguzi wawaone."

"Basi unaona," alisema Merv.

Avis alirudi garini, akaweka mkono juu ya kapu moja kana kwamba litaruka, na hakuuondoa njia yote. Tangu siku hiyo hakuwaita tena wanyama wale kwa majina. Alisema huyu, na yule. Merv alituma skoni kwa mtu. Avis aliwapa kuku wa jirani.

Idara ya wanyamapori iliamua koala wale wapelekwe msitu wa serikali, ng'ambo ya milima, kwa kuwa hawangeweza kukaa uani maisha yao yote. Avis alibisha, akaandika barua, akapigiwa simu na sauti za upole. Hakuwa na mahali pengine pa kuwapeleka, na hilo walilijua. Siku ya safari tulifuata gari lao. Msichana wa idara alikuwa mwema, alibeba makapu mwenyewe.

"Watazoea, Bi Gorrie," alisema.

"Wewe umehama mara ngapi, binti?"

"Mara nne."

"Kwa gari, lakini. Na ulijua unakokwenda."

Miti ilikuwa mizuri, sina la kuisema vibaya. Mmoja baada ya mwingine walitolewa, wakapanda, wakatulia kwenye panda za matawi wakitugeuzia migongo. Jike la Bwawa lilikuwa la mwisho. Lilipanda kidogo na mtoto wake, likanusa gome, likakaa. Kisha likaanza kushuka kinyumenyume. Msichana alipiga hatua mbele, Avis akamshika mkono.

"Mwache. Ukimpandisha atashuka tena."

Jike lilifika chini, likatupita bila kututazama, likaenda kwa miguu minne kwenye nyasi kavu, makalio yakipanda na kushuka, mtoto ameling'ang'ania mgongoni. Lilipita mti, likapita mwingine, halikugusa hata mmoja. Tulisimama mpaka nyasi zikaacha kutikisika.