Safu ya Asa

Kila Jumamosi ya mwisho ya Julai, Dwight Maggard huwapakia watoto wake kwenye pikapu, akatupia boksi la barafu na matairi ya kuelea, akaenda nao mtoni mpaka jua lichwe. Mto wenyewe haumpendezi sana; humfanya awashwe. Anakwenda kwa sababu siku hiyo mkewe Tamra anaihitaji meza yote.

Hapa kwetu vilimani, wengi tunawasomesha watoto nyumbani. Mama akikosekana kwenye maombi ya katikati ya wiki mwezi wa Julai unapoisha, hakuna anayeuliza yuko wapi. Yuko na karatasi yake. Tamra hutumia karatasi ya bucha, ile pana ya kufungia nyama. Huikunjua juu ya meza, akaibana pembe zake kwa mitungi ya kachumbari, akachora safu moja kwa kila mtoto na mistari thelathini na sita ya kukatiza, mstari mmoja kwa kila wiki ya masomo. Halafu huinamisha kichwa na kuomba kabla hajashika kalamu ya risasi. Akishamaliza, karatasi hubandikwa ukutani karibu na friji, na kuanzia hapo hiyo ndiyo sheria ya nyumba. Kilichoandikwa kitafanyika.

Mwaka ninaousimulia alikuwa ameogopa karatasi hiyo tangu Juni, kwa ajili ya safu moja tu. Keziah wa miaka kumi na mitano hakumsumbua, wala Jotham wa kumi na miwili, wala Tirzah wa kumi. Mercy alikuwa na miaka minne na kazi yake ilikuwa kumwaga vitu. Aliyebaki ni Asa. Asa alikuwa na miaka minane, na hajui kusoma.

Hakuwa mtoto mzito wa akili. Aliujua kila mti wa msitu wao kwa kupapasa gome lake. Jumapili mchana aliweza kukurudishia mahubiri ya asubuhi, pamoja na kikohozi cha mchungaji. Lakini kwa miaka miwili mama yake alimketisha ubavuni pake, akafungua kitabu cha kwanza mbele yake, na kwa miaka miwili Asa alilitazama ule ukurasa wa paka na kofia huku jasho likimtoka juu ya mdomo, asitamke neno.

Bibi yake, Oleta, mama yake Dwight, alikuwa amefundisha darasa la kwanza katika shule ya mjini miaka thelathini na mmoja. Wiki moja kabla ya siku ya karatasi alikuja kumenya maharage mabichi barazani, na maharage hayakuwa yamefika nusu ya bakuli alipoanza.

"Tamra, mwanangu. Mtoto ana miaka minane."

"Najua ana miaka mingapi, Mama. Nilikuwepo."

"Usinijibu kwa mzaha. Nimewafundisha kusoma watoto zaidi ya mia sita, wengine wagumu kama kuni mbichi. Wote walisoma." Akavunja ganda. "Nimeshazungumza na mwalimu mkuu. Kiti kipo. Wataanza naye darasa la kwanza."

"Na watoto wa miaka sita? Mama, magoti yake hayataingia chini ya dawati."

"Magoti hukunjwa. Ujinga ndio haukunjiki."

Neno hilo lilimuuma Tamra. Siku waliyomweka Asa wakfu mbele ya kanisa, akiwa na wiki sita, yeye na Dwight walisimama wakaahidi kumlea na kumfundisha wenyewe. Mimi nilikuwa benchi la nyuma yao. Niliisikia sauti yake ikiapa. Sasa alihisi kama mtu aliyekopa jina la Mungu akashindwa kulirudisha.

Jioni ile Dwight alirudi kutoka kiwandani wanakopasua mialoni ya kutengenezea mapipa, akasimama kwenye bomba la nje akiosha vumbi la mbao. "Labda Mama yuko sahihi, mpenzi," alisema bila kugeuka. "Haimaanishi kwamba umeshindwa."

"Basi ina maana gani?"

Dwight aliendelea kuosha mikono ambayo ilikwisha kuwa safi.

Ikawa hivyo. Siku ya karatasi angeandika, na akishaandika, Asa angepanda basi la njano pamoja na watoto wa watu.

Asubuhi ya Jumamosi ile Asa aliamka na sikio limevimba, maji ya bwawani yamemwingia. Mtoni hakwendeki. Mama yake alimtia matone na pamba, wenzake wakapanda pikapu.

"Asa abaki amsaidie Mama kuandika!" alipiga kelele Jotham kutoka nyuma.

"Aandike nini?" Tirzah akadakia. "Herufi A yenyewe akiiona anadhani ni ngazi!"

"Jotham, Tirzah," baba yao alisema akiwasha gari, "mnajua mto uko maili nne kwa miguu?"

Gari likaondoka.

Asa akaja kukaa upande wa pili wa meza, kwenye benchi lililogusa ukuta, akichonga kijiti. Tamra akaandika. Keziah: aljebra, baiolojia, kuoka mkate kila Alhamisi. Jotham: sehemu na desimali, historia, kurekebisha uzio na baba. Tirzah: kuzidisha mpaka kumi na mbili bila kununa. Kila mmoja akampa mstari wake wa Maandiko wa kuushika mwaka mzima. Aliandika kwa herufi kubwa zilizoachana, kama kawaida yake, ili watoto wasome wenyewe ukutani. Alizunguka safu moja kama mtu anayezunguka shimo. Feni ya dirishani ilikuwa ikivuta harufu ya nyasi zilizokatwa. Hatimaye hapakuwa na safu nyingine ya kuijaza.

Akaandika: ASA. SHULE YA MJINI. BASI SAA MOJA KASORO DAKIKA KUMI.

Kisha akainuka haraka, akaenda jikoni hatua tatu, akafunua sufuria ya mahindi ambayo haikuhitaji kufunuliwa, ili mvuke uwe sababu ya macho yake.

Nyuma yake sauti ikasema, polepole, "Asa. Shule ya mjini. Basi, saa moja kasoro dakika kumi." Halafu, "Mama, nani mwingine anakwenda?"

Tamra aliganda na mfuniko mkononi. "Bibi amekwambia?"

"Hajaniambia."

"Baba?"

"Hapana. Si umeandika hapa?"

Akageuka. Kidole cha Asa kilikuwa juu ya karatasi, kikitembea chini ya maneno kutoka kulia kwake kwenda kushoto kwake. Karatasi ilikuwa imemwelekea mama. Kwa Asa, kila herufi ilisimama kwa kichwa.

"Nisomee ya Keziah," Tamra alisema, na baadaye aliniambia kwamba sauti ile hakuijua kuwa ni yake.

"Keziah. Aljebra. Bai... baiolojia. Kuoka mkate kila Alhamisi."

"Ya Tirzah."

"Kuzidisha mpaka kumi na mbili bila kununa." Asa akatabasamu kwa mara ya kwanza siku hiyo. "Hataweza hiyo, Mama. Ya kununa."

Tamra alizunguka meza. Aliingia kwenye benchi akaketi kando yake, akaitazama karatasi yake mwenyewe kutoka pale, na ilikuwa kama kutazama msitu ndani ya maji. Akachukua kile kitabu cha paka na kofia, akakiweka mbele ya mtoto kama alivyokiweka miaka miwili. Uso wa Asa ukazimika. Tamra akakipindua juu chini.

Asa akakisoma chote. Hakusimama hata kwenye picha.

Ndipo Tamra akakumbuka benchi. Asa alipokuwa na miaka mitatu alikuwa akianguka kwenye viti, kwa hiyo walimkalisha hapo, ukuta ukimshika mgongo. Na ng'ambo ya meza, ubavuni mwa mama, alikaa Tirzah akijifunza kusoma, kidole chake kikifuata neno baada ya neno, asubuhi baada ya asubuhi, mwaka mzima na nusu. Hakuna aliyemtazama mtoto wa benchini. Yeye alikuwa akikitazama kidole.

"Asa, baba, kwa nini hukuniambia?"

Asa alifikiri. "Nilikuwa nakigeuza kitabu. Wewe ulikuwa unakirudisha."

Kweli Tamra alikuwa akikirudisha. Mara ngapi, hajui. Keti vizuri Asa, usicheze na kitabu Asa.

"Nikadhani wakubwa wanasoma hivyo," Asa alisema, "na mimi bado sijafika."

Nimesoma vyuo, nimekaa na watu waliosoma kuliko mimi, na nimewasikia wakizungumza juu ya akili ya mtoto kana kwamba ni uwanja walioupima. Tangu Tamra aniambie habari hii nimekuwa mwangalifu zaidi na maneno yangu. Karibu miaka mitano kitu kikubwa kilifanyika kwenye meza ile, mchana, mbele ya familia nzima, kati ya uji na hesabu, wala hakikuandikwa kwenye karatasi yoyote. Tunapanda safu zetu tukizihesabu, na mbegu inaota njiani, na sisi wenyewe ndio tunaoikanyaga.

Gari liliporudi, watoto wakiwa na nywele mbichi na magoti ya matope, Tamra alimpa Asa gazeti la matangazo, juu chini. Asa akasoma bei ya trekta iliyotumika na habari ya mbuzi aliyepotea.

Dwight alivua kofia. Aliivua taratibu, kama wanavyovua wanaume wetu jeneza likipita, ila uso wake ulikuwa mwingine kabisa.

"Kumbe mimi ndiye niliyemfundisha!" Tirzah akaruka. "Mama, ni mimi! Andika kwenye karatasi!"

Jotham alilinyakua gazeti, akalishika juu chini, akajaribu. "Mbu... mbuz... Hii haiwezekani."

"Ukiiona herufi A unadhani ni ngazi?" Asa akamuuliza.

Kesho yake baada ya ibada alikuja Oleta. Alileta miwani yake na kitabu chake mwenyewe, kwa kuwa hakuamini vya nyumba hiyo. Akaketi ng'ambo, akakishika kitabu kikimwelekea yeye, na Asa akamsomea kurasa mbili kutoka upande wake. Bibi akavua miwani, akaifuta, akaivaa, akaivua tena.

"Miaka thelathini na mmoja nimesoma hivyo," alisema hatimaye. "Mbele ya darasa, kitabu kikiwatazama watoto, mimi nikisoma kutoka juu. Nilidhani hakuna awezaye ila mwalimu." Akamtazama Asa kana kwamba ndiyo kwanza wanajulishana. Halafu ualimu ukamrudia. "Lakini dunia haichapi vitabu vichwa chini. Na usithubutu kumgeuzia ghafla, Tamra. Hilo umeshalifanya vya kutosha."

"Najua, Mama."

"Kidogo kidogo. Kama kumwachisha mtoto ziwa."

"Kidogo ni kiasi gani?"

Keziah, aliyekuwa akivipanga vifaa vyake vya jiometri kwa mwaka mpya, alikiinua kipimapembe chake. "Bibi, kutoka juu chini mpaka wima ni nusu duara. Nyuzi mia na themanini."

Tamra aliitazama karatasi ya bucha. Mistari thelathini na sita. Siku tano kila wiki. Alizidisha pembeni kwa kalamu ya risasi, akazidisha tena, kisha akampa Keziah azidishe.

"Mia na themanini," Keziah alisema.

Mimi najua kwamba duara liligawanywa na watu wa kale waliotazama nyota, na kwamba siku za shule zilipangwa na mabwana wenye tai wasiowahi kumsikia Asa Maggard. Najua kwamba namba hukutana, kama watu wanavyokutana sokoni. Najua yote hayo, na bado nikiifikiria ile dakika, mikono yangu hutaka kuacha inachofanya.

Tamra akachukua kifutio. Aliifuta shule ya mjini, akalifuta basi, akapuliza makombo. Katika safu ya Asa, kutoka wiki ya kwanza mpaka ya thelathini na sita, akaandika jambo moja tu: nyuzi moja kwa siku.

"Na mimi nitamwambia nini mwalimu mkuu?" Oleta aliuliza. "Nimemsumbua yule bwana wiki mbili apate hicho kiti."

"Mwambie ukweli, Mama."

"Ukweli! Nimwambie mjukuu wangu anasoma na kitabu kimesimama kwa kichwa? Watanipima mimi." Lakini alikwishachukua funguo zake za gari. "Nitasema hatukihitaji. Wampe mtoto mwenye magoti mafupi."

Masomo yalianza Jumatatu ya mwisho ya Agosti. Waliimba, wakaomba, wakasema mistari yao mipya, na Tirzah akanuna kabla ya saa nne. Kisha Tamra akaketi benchini, mgongo ukutani, Asa kando yake, akaweka kitabu juu chini, na juu ya meza akaweka kipimapembe cha Keziah. Akaigusa pembe ya kitabu kwa ukucha. Kikasogea nyuzi moja, kidogo kiasi kwamba jicho la mtu haliwezi kuona kimesogea.

"Umekigeuza?" Asa aliuliza.

"Nimekigeuza."

Asa akakitazama kwa muda, akaweka kidole, akaanza kusoma.