Treni Niliyoikata Kwenye Sinia la Bi Salha

Bwana Mhariri, jina langu liache. Gazeti lako husomwa kwa sauti barazani kwetu hapa Temeke.

Nimekosa! Nilichukua mkasi wa bati nikalikata sinia la shaba la jirani yetu, Bi Salha. Lote!

Lilikuja kwetu na futari. Sasa, sinia la mtu halirudi tupu, na mama hataki kulirudisha na kitu cha ovyo, Bi Salha asije akamcheka. Likaning'inia jikoni miezi mitatu. Mie nikasema, mgeni wa miezi mitatu ni mwenyeji.

Na shuleni mwalimu alituonyesha picha ya treni ya Ulaya, inakwenda kwa umeme, haina moshi. Darasa zima likapiga kelele: "Haivuti moshi? Basi imefunga!" Nikaapa nitawatengenezea waione.

Mwezi mzima nilipiga tupa. Madirisha kumi na manne, yote kwa patasi. Vichwa vya ribiti, zile pini za kuungia mabati, nilivitokeza kwa msumari kutoka ndani, kimoja kimoja. Nikaazima chuma cha kulehemu kwa fundi wa vibatari. Paa linavuliwa kama kifuniko, na juu yake mikono miwili ya kushikia waya wa umeme, ya njiti za mwavuli mbovu, inapanda na kushuka! Nikemeeni, lakini semeni pia kwamba ni nzuri.

Ijumaa mama akapika kalimati. "Lete sinia la watu."

Nikaleta treni.

"Na sinia?"

"Ndilo hilo, mama. Limesimama tu."

Sikupigwa. Afadhali ningepigwa! Alivua paa, akajaza kalimati, shira ikachuruzika madirishani. "Peleka. Mwambie ndilo sinia lake."

"Shikamoo, Bi Salha. Mama anarudisha sinia."

Bi Salha alicheka hata akakaa chini. Akamimina kalimati bakulini, akaifungia treni kabatini kwa ufunguo. Treni yangu! Na kuidai siwezi, shaba ni yake.

Najuta kukata cha mtu. Kuitengeneza sijuti, wala msingoje nijute! Ila nyie wenzangu ambao mikono inawawasha, ulizeni kwanza chombo ni cha nani, hata kama kimeota mizizi kwenu.

Niliporudi mikono mitupu nikamweleza mama kwamba treni imefungiwa. Hakuacha kusugua sufuria. Alisema hivi:

"Humjui Salha wewe. Atatuletea mchuzi ndani yake. Na utaiosha mwenyewe, dirisha moja moja."