Majivu Kichwani mwa Mama

Moshi wa miwa inayochomwa mashambani Awendo kabla ya kuvunwa ukinifikia puani, hasira yangu huamka.

Baba alipozikwa, mama alikataa kurithiwa na shemeji yake. Kwa desturi yetu, mjane kama huyo bado ana mkosi wa kifo, kwani kurithiwa ndiko kunakomsafisha.

“Mama, wewe kaa tu hapo nje mpaka usafishwe,” mzee wa kanisa alimwambia mlangoni. Mama akaketi chini ya dirisha, mimi nikaingia.

Pasta alihubiri kwamba Yesu, Kuhani Mkuu, ameingia patakatifu kwa damu yake mwenyewe, na pazia la hekalu limepasuka. Majivu ya miwa yalipoanza kupeperukia ndani, mzee yule akafunga dirisha.

Nilipotoka, nywele za mama zilikuwa zimejaa majivu.

“Pasta amesema nini, mwanangu?”

“Amesema tukaribie sote.”