Kisanduku cha Alama

Mwaka ule wakimbizi waliporudi Rwanda kwa wingi kutoka Goma, watoto wengi walipotea njiani, nami nikapata kazi Gisenyi ya kuwaandika kwenye kompyuta. Nilikuwa nimekulia Tanzania na Kinyarwanda changu kilikuwa cha kubabaisha, lakini kompyuta niliijua, wala sikumwacha mtu asahau hilo.

Fomu niliichora mwenyewe. Kila mtoto alikuwa na visanduku vyake: jina alilojiita, umri, mahali alipookotwa, na kile cha mwisho cha alama, yaani kovu, nguo, lolote alilokumbuka la kwao. Kwenye kioo cha kompyuta kisanduku hicho kilikuwa kidogo, ila ukibonyeza kishale cha pembeni maneno yanapanda, unasoma mpaka mwisho. Karatasi haina kishale. Printa ilichapa kisanduku kama nilivyokichora, mistari miwili, na yaliyozidi yakabaki ndani ya mashine. Ningeweza kuiagiza ikitanue wakati wa kuchapa. Sikuiagiza, kwa sababu watoto ishirini walienea vizuri kwenye ukurasa mmoja na mkubwa wangu aliusifu unadhifu wake. Nilijua inakata. Nilidhani mistari miwili inamtosha mtoto.

Orodha tuliibandika ukutani, nje. Mama mmoja wa Kanama, muuza ndizi, alikuja kila siku ya soko. Kusoma hakujua, kwa hiyo alinisubiri mlangoni na kunisemesha kwa Kiswahili cha Goma.

"Dada, unisomee tena. Mutoto wangu wa kike, miaka ine. Iko na kovu ya moto nyuma ya sikio."

Nikamsomea, kidole juu ya karatasi. Wasichana wa umri huo walikuwa wengi, na wadogo hivyo hujitaja kwa majina wanayoyajua wenyewe. Kovu la sikio sikuliona. "Hayumo, mama," nilimwambia, mara ya kwanza kwa huruma, mara ya nne kwa kuudhika. Kompyuta ilikuwa hatua sita nyuma yangu, imewaka.

Wiki ya tano mwenzangu wa ofisini aliniomba nisahihishe umri wa msichana mmoja. Nikafungua ukurasa wake, na kwa mazoea tu nikabonyeza kishale. Mstari wa tatu ulisema: kovu la moto nyuma ya sikio, mama yake anauza ndizi. Nikaruka kutoka kitini, nikamuuliza mwenzangu mtoto yuko wapi. Alinitazama kwanza. Akasema umri ulitakiwa kwa ajili ya cheti cha kifo. Surua ilikuwa imemchukua siku tisa nyuma, katika kituo cha watoto huko Nyamyumba, mahali pa kufika kwa miguu.

Majuto ni mjukuu, husema watu. Yangu hayakungoja hata kesho.

Siku ya soko nilimkalisha yule mama ndani, nikamwambia. Hakulia kwa sauti. Alijiziba mdomo kwa pindo la kitenge. Halafu akauliza, "Hii maneno ya sikio, iliingia lini mu mashini?"

Yalikuwamo tangu siku ya kwanza aliposimama pale mlangoni.

"Jana," nikasema.

Akaitikia kwa kichwa, polepole, akaushika mkono wangu kwa mikono yake yote miwili.

"Bon. Aksanti, dada. We ulitafuta sana."