Kamasi Kwenye Ukurasa wa Huzuni

Mnaulizana humu kundini ni kitabu gani kiliwatoa machozi. Nimewasoma tangu asubuhi nikiwa nimeziba mdomo kwa kiganja.

Nasikia kichefuchefu, wapendwa. Ngoja niwaambie kwa nini.

Siku moja nilifungua riwaya nikakuta kurasa mbili zimegandana. Nikazibandua taratibu kwa ukucha.

Katikati palikuwa na kamasi.

Kamasi la mtu mzima. Pembeni limekauka, katikati bado linanata.

Niliosha mkono kwa shampuu mpaka ngozi ikawasha.

Wakati huo nilikuwa muosha nywele kwenye saluni. Shule yangu iliishia la saba, basi. Lakini pale saluni palikuwa na rafu ya riwaya, na rafu ile ndiyo ilikuwa sekondari yangu.

Kitabu kilikuwa hakitoki nje. Unasoma ukiwa chini ya draya, ukiinuka unamwambia anayekaa baada yako ulivyokiona.

"Hiki moto."

"Hicho? Mwanzo mtamu, mbele maji matupu."

Wanabishana mpaka msusi anasahau mstari.

Na mimi walikuwa wananisikiliza. Nimeshika kichwa cha mtu kwenye sinki, kafumba macho, ananiuliza, "Mdogo wangu, leo unanipa kipi?" Nikitaja, ndicho anachochukua.

Mmoja tu hakuwa na habari na vitabu. Madam, mwenye saluni.

"Mnawalilia watu ambao hata hawapo," alikuwa anasema. "Waliopo mmewanunia."

Basi, kamasi likaendelea. Leo kitabu hiki, kesho kile.

Mpaka likamkuta mteja mmoja, nesi mstaafu, mama wa heshima zake. Alikinyanyua kitabu kwa ncha za vidole kama mtu aliyembeba panya kwa mkia.

"Nani kafanya huu uchafu?"

Saluni nzima ikageuka kuniangalia mimi.

Zile dawa za nywele zilikuwa zinanichuruza pua kutwa. Sikuwa na pa kujificha.

"Si mimi, mama."

"Pua hiyo hapo inatiririka, halafu unasema si wewe."

Nikamtazama Madam anitetee. Alikuwa anachana wigi. Hata uso hakuinua.

"Lete kitambaa ufute," akasema. "Na vitabu vya watu usiviguse tena."

Nilifuta. Mbele yao wote, kitambaa kibichi, kamasi la mtu mwingine linalainika na kuanza kuteleza chini ya kidole changu. Mate yalinijaa mdomoni. Nikameza, nikaendelea kufuta.

Kuanzia hapo hakuna aliyeniuliza tena. Nikisema, "Kile kizuri," mtu anavuta kichwa chake kwenye sinki kana kwamba maji yamemuunguza.

Hilo liliniuma kuliko kama wangenifukuza. Sikuwa na jambo lingine duniani ambalo nikilisema watu wazima wananyamaza kunisikiliza.

Sikubishana. Nilijikaza, nikaanza kuangalia.

Kila nikifuta vumbi kwenye rafu nilikuwa nachungulia kurasa. Nikagundua kitu. Kamasi haliko popote tu. Kwenye harusi hakuna. Kwenye ugomvi hakuna. Liko pale mama anapokufa. Pale mtoto anapoachwa.

Kumbe huyu mchafu alikuwa analia.

Jumapili saluni inafungwa. Mchana nikarudi kuanua taulo nilizoacha uani. Nikasikia mtu anavuta pua ndani.

Nikasogea dirishani.

Madam.

Amekaa chini ya draya iliyozimwa, viatu kavua, kitabu magotini, mabega yanatikisika. Akapenga kwa vidole viwili. Akatazama huku na huku. Akavifuta kwenye ukurasa.

Kisha akafunua mwingine, akaendelea kusoma.

Jamani, mtu huyu alisimama pale na wigi lake, akaniangalia nikisafisha pua yake.

Nikaingia. Nikamtupia taulo mapajani.

"Madam, jifutie hii."

Alinywea mpaka nikamwonea haya. "Mdogo wangu, usimwambie mtu."

"Utawaambia wewe."

"Nitawaambia. Jumanne nesi anakuja. Nitasema mbele yake."

Na kweli alisema. Simsingizii. Jumanne saluni imejaa, mimi niko kwenye sinki na kichwa cha mteja mkononi, Madam akajisafisha koo.

"Kile cha mama aliyemwacha mtoto kituoni, mimi nakisoma kwa siri. Nililia mpaka nikachafua kurasa. Si huyu binti. Ni mimi."

Pumzi zikanishuka. Nikasema moyoni, leo naoshwa jina.

Nesi akaenda kwenye rafu. Akakichukua kitabu hicho, akafunua palipogandana, akapapasa kwa kidole. Kidole kitupu, wapendwa.

"Madam wetu, kumbe una moyo laini hivi," akasema. "Hebu oneni machozi yake."

Kitabu kikaanza kuzunguka. Mmoja akapapasa, mwingine akapapasa. Mwingine akaegemeza shavu.

"Mimi nakitaka kwanza."

"Kama kimemliza Madam, hicho si cha kukosa."



"Hayo si machozi," nikasema. "Ni kamasi. Kama lile mlilonifutisha."



"Mbona una roho hiyo, binti?" nesi akaniuliza. "Mwenzako kajieleza, wewe bado una kinyongo."

Nikamtafuta Madam kwenye kioo. Macho yetu yakakutana. Neno moja tu lingetosha. Akachukua kitana.

"Mwacheni," akasema. "Ana mafua yake."

Wakacheka. Yeye pia akacheka.

Nikavua aproni, nikaitundika kwenye bomba.

"Na mimi je, na povu lote hili?" yule wa kwenye sinki akauliza.

"Madam atakuosha. Vidole vyake si mnavipenda."

Nikatoka.

Nilichoondoka nacho ni hiki: watu hawachukii uchafu. Wanaangalia kwanza ni wa nani, ndipo wanaamua kama watatapika au watapapasa.

Siku hizi mtu akinisifia kitabu namuuliza, kina nini ndani? Akianza kunitajia nani na nani wamekipenda, namwachia akisome mwenyewe.